Domeini ya .ke: soma kutoka kulia, na hati iwe kwa jina lako

Kuna mama mmoja auza leso Biashara Street, alinipigia simu asubuhi mapema hata chai sijaimaliza, yuasema websaiti yake haifunguki, wateja wa Lamu na Nairobi waliozoea kuagizia hapo wamwambia ukurasa haupo. Mi nikadhani ni hostingi, yaani ile nafasi ya kukodi saiti inapokaa. Nikaangalia, wapi, hostingi imelipwa vizuri mpaka mwakani. Kilichokufa ni jina lenyewe. Domeini, yaani lile jina watu wanaloandika kufungua saiti, ilikuwa imeisha muda, na tulipofuatilia kwa wakala ilikosajiliwa tukaambiwa mwenyewe si mama, wala si duka, ni yule kijana aliyemtengenezea saiti, naye keshaenda zake Gulf kitambo, namba haipatikani na imeili hajibu. Mama kalipa miaka yote hiyo akijua jina ni lake.

Sasa hiki kisa nishakiona mara nyingi hapa Mombasa, kwa wenye hoteli ndogondogo, kwa wauza spea, hata kwa msikiti mmoja, ndo nikasema wacha niandike yote kwa mpigo, domeini zinapangwaje, anayezigawa ni nani, na wewe wafanyaje ili siku moja usiamke ukakuta huna jina.

Anza kusoma kulia

Ukitaka kuelewa anwani ya intaneti isome vile ulivyosoma juzuu chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua tum.ac.ke, ile ya Technical University of Mombasa pale Tudor. Kulia kabisa kuna ke, hiyo ni Kenya. Kisha ac, hilo ni tawi la vyuo. Mwisho tum, ndo chuo chenyewe. Kila nukta ni mpaka, na kila mpaka una mwenye kuusimamia, yaani anayeshika upande wa kulia ndo anaamua nani apewe kilicho kushoto kwake.

Na kompyuta nayo hutafuta hivohivo. Ni kama mgeni ateremke pale Ngome akiulizia nyumba ya fulani Mji wa Kale, wa kwanza hamjui fulani ila ajua mtaa upo upande gani, akifika mtaani akauliza waliokaa barazani, nao wamwonyesha kichochoro, na kule kichochoroni ndo apata mlango. Simu yako ukiandika jina inauliza kwanza seva (kompyuta za kujibu maswali) za juu kabisa, za mzizi, zenyewe hazijui duka lako, zinasema tu "mambo ya ke waulize wale". Inaenda kwa seva za ke, zinajibu "hilo jina laangaliwa na nemsava hizi hapa", yaani seva zinazojua jina hilo laelekea wapi, ikifika huko ndo yapewa namba ya seva saiti ilikokaa. Yote haya kabla hujapepesa jicho.

Herufi ke hazikuchaguliwa na Wakenya wakae chini wapige kura. Zimetoka kwenye orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, ISO 3166, ndo maana Tanzania ni tz, Uganda ug, Oman om, Yemeni ye, Komoro km. Marehemu Jon Postel, jamaa wa Marekani aliyeshika daftari la majina siku za mwanzo, aliandika 1994 kwamba kazi yao si kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi, kwa hivo wanafuata hiyo orodha tu na lawama zibaki kwa wenye orodha. Mjanja yule. Unguja kwa mfano haina herufi zake kwenye orodha, kwa hivo jamaa zetu wa kule wapo chini ya tz wapende wasipende. Sikuhizi daftari hilo la juu liko chini ya ICANN, shirika lililoanzishwa 1998 huko Marekani.

Nani ameshika .ke

Hii ke iliingizwa kwenye daftari 1993, na mwanzoni ilikuwa mikononi mwa watu binafsi wa kujitolea, Dkt. Shem Ochuodho ndo alikuwa msimamizi. 2002 ikaundwa KeNIC, Kenya Network Information Centre, ndo imeishika mpaka leo. Juu ya KeNIC kuna Mamlaka ya Mawasiliano, hao wa serikali wanaotoa leseni chini ya ile sheria ya habari na mawasiliano ya 1998.

(Kidogo tu pembeni: nyaya za intaneti zinazolisha nchi nzima zinaingilia kwetu, TEAMS ilifika hapa Mombasa 2009 kutoka Fujairah, na SEACOM mwaka huohuo. Bahari yetu, ufuo wetu, na ofisi ya majina iko Nairobi. Haya, tuendelee.)

Kitu ambacho wengi hawakijui, KeNIC ni kama bohari, kazi ya kuuza rejareja ni ya mawakala waliopewa kibali. Orodha ya hao mawakala iko kwenye saiti ya KeNIC yenyewe, kenic.or.ke, na kabla hujatoa pesa kwa mtu aliyekwambia "mi nauza domeini" ingia uangalie jina la kampuni yake lipo au halipo. Halipo? Basi huyo naye ananunua kwa wakala halafu akuuzia wewe. Si dhambi, wengi tunafanya hivo, hata mimi nafanya, lakini ujue hapo katikati kuna mtu, na huyo wa katikati ndo hatari inapoingilia, nitaeleza chini.

Kuchagua tawi

Chini ya ke kuna matawi tisa. Matatu yamefungwa, huingii bila karatasi: go.ke ni ya serikali, ac.ke ya vyuo, sc.ke ya shule. Sita yako wazi: co.ke ya biashara, or.ke ya vyama na mashirika yasiyo ya faida, ne.ke ya wenye mitandao, me.ke ya mtu binafsi, info.ke ya habari, mobi.ke ya vitu vya simu. Kisha tangu 2017 waweza kuchukua jina moja kwa moja chini ya ke bila tawi katikati.

Ukweli wa mambo biashara nyingi zaenda co.ke na watu wameshazoea, hata mzee wa miaka sabini ukimwambia dukafulani nukta ko nukta ke ataelewa. Jina fupi la ke peke yake ni zuri lakini utarudia mara tatu kwa simu, na wateja wengine watatia co hapo katikati wenyewe, kwa hivo ukichukua fupi chukua na co.ke yake pia, la sivyo wampa jirani wateja wako. Hizo mobi na info sijawahi kumshauri mtu achukue.

Kuhusu or.ke. Kuna ustadh mmoja wa Majengo alitaka sc.ke kwa ajili ya madrasa. Nikamwambia sc.ke yataka uthibitisho kwamba ni shule iliyosajiliwa kwa mambo ya elimu, je madrasa yako imesajiliwa hivo? Haikusajiliwa hivo, ni chuo cha Qur'ani chini ya msikiti. Basi ikaenda or.ke na ikafanya kazi vizuri tu, watoto wanasoma vilevile. Usipigane na tawi lililofungwa kama huna karatasi, utapoteza mwezi mzima ukirudishwa na kurudishwa.

Na hapa kuna funzo la usalama kwa kila mtu hata kama hununui domeini. Kwa vile go.ke imefungwa, ukiona anwani imeishia go.ke, kama mombasa.go.ke ya kaunti, wajua kuna barua ya ofisi nyuma yake. Lakini co.ke mtu yeyote achukua akiwa kitandani saa nane usiku. Kwa hivo tangazo la kazi za kaunti ati "ingia hapa ulipie fomu" na anwani yaishia co.ke, kaa nayo mbali. Ila usiifanye sheria ya kufunga macho manake bandari yenyewe, mali ya serikali, yatumia kpa.co.ke, na hiyo ndo halali yake. Angalia pia neno lililogusana na tawi upande wa kushoto, hilo ndo lenye mali. Mwizi apenda kuweka jina zuri mbali kushoto, kitu kama kaunti.mambofulani.co.ke, wewe wasoma "kaunti" waridhika, kumbe mwenyewe ni mambofulani. Ukisoma kutoka kulia huibiwi hapo.

Kuchagua jina

Leso bila jina nani atainunua, na duka nalo vilevile. Jina lako lisome kwa sauti kwa mtu aliye kwenye matatu ya Likoni na muziki umefunguliwa, kama hakulipata mara ya kwanza libadilishe. Shida yetu Waswahili ni kwamba jina moja laandikwa njia tano, Khadija, Hadija, Khadijah, sasa mteja ataandika lipi? Ama chukua maneno ya kawaida yasiyo na utata, ama nunua na zile tahajia mbili zinazokosewa zaidi uzielekeze zote kwa saiti moja. Herufi ni a mpaka z, tarakimu, na kistari, basi, na kistari hakiwezi kuanza wala kumaliza. Nafasi hakuna. Mwisho herufi 63, lakini ukifika hata 20 ushapoteza watu. Kistari mi nakikwepa, manake kukitamka kwa simu ni tabu.

Halafu hii muhimu: kusajili jina la biashara kwa eCitizen, ile saiti ya huduma za serikali, hakukupi domeini. Kulipia leseni ya kaunti hakukupi domeini. Hivo ni vitu vitatu tofauti na ofisi tatu tofauti, na kwenye domeini wa kwanza kufika ndo mwenyewe. Mi huwaambia watu wafanye kinyume, kabla hujachora bango wala kuprinti mifuko, angalia domeini kwanza kama ipo wazi, kwenye kile kisanduku cha kutafutia kwa KeNIC ama kwa wakala yeyote, dakika moja. Iko wazi, nunua siku hiyohiyo. Lakini usichukue jina la kampuni ya mtu ati utamuuzia baadaye, KeNIC ina utaratibu wa kusuluhisha kesi za majina na mwenye chapa yake akija na hati utaliachia na pesa yako hairudi.

Fomu, hapa ndo penyewe

Wengi wetu hapa twajua mambo ya nyumba bila ardhi. Babu kajenga nyumba Majengo, kuta zake, mabati yake, vyumba sita amepangisha, lakini kiwanja ni cha mwingine na kodi ya ardhi hulipwa kila mwezi. Domeini iko hivohivo. Hakuna mtu anayenunua jina likawa lake milele, hata kampuni kubwa, unakodi kwa mwaka, na usipolipa unatolewa hata kama saiti uliyojenga juu yake ni ya mamilioni. Sasa fikiria umejenga nyumba, kodi ya kiwanja watoa wewe, lakini risiti zote zaandikwa jina la fundi. Hivo ndo ilivyokuwa kwa mama wa leso.

Ukijaza fomu ya wakala, ama ukijaziwa, kuna sehemu zinaonekana zafanana na watu huzipita haraka. Kuna mwenye jina, kuna msimamizi, kuna fundi, kuna mlipaji. Fundi wako mwache awe fundi, hapo mahali pake. Lakini pale pa mwenye jina paandikwe jina lako ama la biashara vile lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, na namba yako ya simu. Usikubali "nitaweka langu kwanza halafu tutabadilisha". Yaweza kubadilishwa, lakini ukiiacha hivo mara nyingi hubaki hivohivo. Si kwamba vijana wote ni wabaya, wengine ni uvivu tu, ana akaunti moja kwa wakala ameweka domeini za wateja thelathini humo ndani na kwake ni rahisi kulipia kwa mpigo. Siku akifa, akisafiri, akigombana nawe, domeini yako iko kwenye akaunti yake.

Kwa hivo fungua akaunti yako mwenyewe kwa wakala, ni bure, ni kama kufungua imeili, halafu mpe fundi ruhusa ya kuingia ama kaeni pamoja afanye ukiona. Malipo ni M-Pesa, na bei ya co.ke kwa mwaka mara nyingi haizidi sahani mbili tatu za biriani, ukiambiwa elfu nane uliza hizo nyingine ni za nini. Jihadhari na bei ya chini sana ya mwaka wa kwanza, tizama bei ya mwaka wa pili kabla hujafurahi.

Na imeili utakayoandika kwenye fomu isiwe ya domeini hiyohiyo. Hili watu wazima wenye digrii wanakosea. Waandika info@dukafulani.co.ke, domeini ikikaribia kuisha onyo latumwa huko, hulisomi, domeini inakatika, na imeili inakatika nayo, sasa hata ukitaka kubadilisha nywila ujumbe unatumwa kwenye sanduku ambalo halipo. Weka Gmail ya kawaida unayoifungua kila siku.

Baada ya kulipa jina ni lako lakini halina pa kwenda. Anayekuuzia hostingi atakupa nemsava, mara nyingi mbili, kitu kama ns1 na ns2, wazitia kwenye akaunti yako ya domeini na unasubiri. Yaweza kuwa nusu saa, yaweza kuwa siku nzima na zaidi, kwa sababu seva za watu duniani zimehifadhi jibu la zamani mpaka muda wake upite. Usibadilishe tena na tena ukiona haifunguki, wajichanganyia mwenyewe, nenda kaswali, kula, rudi. Domeini na hostingi si lazima zitoke duka moja, na mi napendelea zitengane, ukikosana na wa hostingi unabadilisha nemsava tu unaondoka na jina lako.

Na ukishapata jina, kushoto kwake ni kwako. Wataka oda.dukafulani.co.ke ya kuagizia, ama lamu.dukafulani.co.ke ya tawi la Lamu? Hulipi mtu wala huombi ruhusa, wajikatia mwenyewe kwenye mipangilio.

Kulipia tena, na kama ushaingia mtegoni

Lipia miaka miwili mitatu kwa pamoja kama mfuko waruhusu, na tarehe ya kuisha iandike kwenye simu iite mwezi mmoja kabla. Usitegemee kukumbushwa. Ikiisha haipotei palepale, kwanza inaacha kufunguka, halafu kuna muda unaweza kulipa ukairudisha, pengine kwa faini, kisha inafutwa na yeyote anaweza kuichukua. Siku ngapi kila hatua, muulize wakala wako kabla, si siku imeshakatika.

Kama domeini yako iko kwa jina la mtu mwingine sahizi na mnasikilizana, maliza wiki hii kabla hamjakosana. Mwambie abadilishe jina la mwenyewe, halafu akupe ile namba ya siri ya kuhamishia, ufungue akaunti yako kwa wakala yuleyule ama mwingine na uivute huko. Ukishaivuta ingia mwenyewe uhakikishe jina lililoandikwa ni lako, kuhamisha akaunti bila kubadilisha mwenyewe ni kazi nusu. Kama hamsikilizani, kusanya karatasi: cheti cha biashara, risiti za M-Pesa ulizomtumia, meseji zake anazokubali kwamba ni ya kwako, picha za bango la duka lenye anwani hiyo. Anza kwa wakala kwa maandishi, akikataa peleka KeNIC. Simu za kugombana hazina faida hapo, kila kitu kiwe kimeandikwa.

Mama wa leso hatukuwahi. Tulipomaliza kukusanya karatasi domeini ilishafutwa na kuchukuliwa na mtu mwingine kabisa, na huyo hana kosa, aliikuta wazi. Tukachukua jina jipya, co.ke na ke yake zote mbili, tulikaa dukani kwake tukajaza fomu kwa simu yake, na pale pa mwenye jina aliandika kwa kidole chake mwenyewe, polepole, akanionyesha kabla ya kubonyeza. Mifuko yenye anwani ya zamani bado anayo, wajukuu wabandika stika juu yake kila Jumamosi.